Mtoto amelala, ugali ndiyo kwanza unasongwa

MAKALA MAALUMU
Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Saa mbili na nusu usiku, Mbagala Charambe. Maji ya ugali yameanza kuchemka kwenye jiko la gesi, maharage yanatokota kwenye jiko la pili, na mtoto wa miaka minne anayepikiwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, soksi za shule bado ziko miguuni.

Mama yake ameingia muda si mrefu akitokea Kariakoo, anakouza vitenge katika duka la mtu. Hajakaa. Amefika, amemwamkia mama mkwe wake, amenawa mikono, ameshika mwiko. Bibi ndiye aliyechambua maharage na kuyainjika tangu saa kumi na mbili, lakini kusonga ugali hawezi tena. Mkono wa kulia unamuuma tangu alipoanguka mwaka juzi.

Ugali unapoiva mtoto anaamshwa. Anakaa, anafumbua jicho moja, analishwa tonge la kwanza, la pili, la tatu. La nne halimezwi. Mama anatazama na kukuta hata la tatu bado liko shavuni. Mtoto analia, bibi anasema mwacheni, mama anajibu kwamba hajala tangu mchana. Mwishowe anarudishwa kulala, mdomo ukipanguswa kwa kitambaa chenye maji. Mdogo wake wa kike, atakayetimiza miaka miwili mwezi ujao, amelala tangu saa moja na kikombe cha uji mwembamba wa sembe tumboni.

Mhariri alinituma nitafute vyakula rahisi na vyepesi vya jioni kwa nyumba zenye watoto wadogo. Nilidhani ningerudi na mapishi matano na picha. Familia hii, iliyonikaribisha kwa sharti la kutotajwa majina, ilinifanya nianze kwanza na saa ya ukutani.

Saa saba na nusu za usingizi

Gari la shule linapita Charambe saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Ili mtoto aoge, avae na afike barabarani, anaamshwa saa kumi na moja. Akila saa tatu usiku na kulala saa tatu na nusu, hesabu ni nyepesi: saa saba na nusu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu usingizi na michezo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku nzima, usingizi wa mchana ukiwemo. Wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14. Mtoto wa Charambe anakosa zaidi ya saa mbili kila usiku, na sehemu kubwa ya upungufu huo inatokana na chakula kinachochelewa.

Hasara inaendelea asubuhi. Mama anasema mtoto akiamshwa hana hamu ya kitu, anakunywa mafunda mawili ya chai na kuondoka. Chakula chake cha kwanza cha maana ni cha shule, saa nne. Usiku amekula matonge matatu kwa machozi, asubuhi mafunda mawili. Halafu watu wazima tunashangaa kwa nini anasinzia darasani.

Foleni ndiyo inayopanga ratiba hii. Mzazi wa Bunju, wa Kimara, wa Gongo la Mboto au wa Mbagala anayefanya kazi katikati ya mji anaondoka watoto wamelala na kurudi wakisinzia. Sijakutana na mzazi hata mmoja aliyeniambia kwamba anapenda iwe hivyo.

> Usiku amekula matonge matatu kwa machozi, asubuhi mafunda mawili ya chai.

Tumbo la gramu 450

Neno "chepesi" lina hatari yake, na heri tulisafishe mapema kabla mtu hajalitumia vibaya.

Tumbo la mtoto mdogo ni dogo. Kipimo ambacho wataalamu wa lishe wamekitumia kwa miaka mingi ni gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja. Mtoto wa kilo 15 ana nafasi ya takriban gramu 450, yaani bakuli moja la wastani. Mdogo wake wa kilo 11 ana nafasi ya gramu 330. Nafasi hiyo ikijazwa uji mwembamba imejazwa maji. Mtoto atashiba, atalala, na mwili hautapata cha kujengea.

Kwa hiyo chakula chepesi ninachokizungumzia hapa ni kile kinachomezwa bila kutafunwa sana, kisichoelea mafuta, kinachomwacha mtoto alale bila kuvimbiwa, na kinachoiva haraka. Ndani yake lazima kiwe kizito: nafaka au ndizi au viazi, pamoja na mikunde au samaki au yai, mboga, na mafuta kidogo.

Mafuta kidogo nayasisitiza kwa sababu wako wazazi waliosikia kwamba mafuta ni mabaya wakayaondoa kabisa kwenye sahani ya mtoto. Vitamini A iliyomo kwenye karoti, boga, mchicha na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, huingia mwilini ikisaidiwa na mafuta. Kijiko kimoja cha mafuta au tui kidogo kinatosha kuifanya kazi hiyo. Sufuria nzima ya mafuta ya kukaangia chipsi ni jambo jingine.

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ilikuwa asilimia 34 katika utafiti wa 2015/16. Tumepiga hatua, lakini bado ni watoto watatu katika kila kumi. Zaidi ya nusu ya watoto wa miezi sita hadi miaka mitano walikutwa na upungufu wa damu. Kudumaa huko kuna sababu nyingi, za maradhi, maji na umaskini, na chakula cha jioni peke yake hakiwezi kukumaliza. Lakini mlo huo ni mmoja kati ya milo mitatu au minne ya siku, na katika nyumba nyingi za mjini ndio pekee unaopikwa nyumbani.

Iringa walishaliona

Tatizo la saa halikuzaliwa na foleni ya Dar es Salaam. Mwaka 1983, kwa msaada wa WHO na UNICEF na fedha kutoka Italia, ulianzishwa mkoani Iringa mpango wa lishe uliovifikia vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, na wanakijiji wenyewe walikaa kujadili kwa nini wa fulani hakui.

Jibu lililojirudia lilikuwa la muda. Mama yuko shambani tangu alfajiri, kisha kuni, kisha maji. Chungu kinainjikwa akirudi. Mtoto anakula mara chache mno kwa siku, na chakula chenyewe ni kile kile cha watu wazima. Debe la mahindi laweza kuwamo ndani na mtoto bado akakonda, kwa sababu hakuna aliye na nafasi ya kumpikia na kumlisha kwa wakati wake.

Kutokana na kazi ya miaka ile, UNICEF ilitoa mwaka 1990 mchoro unaotumika hadi leo duniani kueleza utapiamlo. Una nguzo tatu: chakula, huduma za afya na mazingira safi, na matunzo. Nguzo ya tatu ndiyo ninayoiona kwenye mkeka wa Charambe. Maharage yapo, unga upo, gesi ipo. Kinachokosekana ni mtu na saa.

Iringa walitumia pia maarifa ya kale ya watengeneza pombe, yaani kimea. Ulezi unalowekwa, unaachwa uchipue, unaanikwa, vijimizizi vinafikichwa na kupepetwa, kisha unasagwa. Unapika uji mzito kama wa kulambwa kwa kidole, unauacha upoe kidogo, unakoroga kijiko cha unga wa kimea, na ndani ya dakika chache uji unalegea mbele ya macho yako kana kwamba umeongezwa maji. Haukuongezwa kitu. Vimeng'enya vya mbegu iliyochipua vimekatakata wanga. Unaurudisha motoni uchemke tena kidogo, na mtoto anakunywa uji laini wenye unga mara mbili ya ule wa kawaida. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walikuwa wakilifanyia kazi jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo ukiuliza kimea sokoni utaulizwa unapika pombe gani. Ni maarifa yetu wenyewe, na inauma kuyaona yakipotea wakati uji mwembamba bado unawalaza watoto.

Bila ugali hajala

Nilipomwambia bibi wa Charambe kwamba huenda watoto wangekula kitu kingine mapema, aliniuliza swali moja: mtoto wa Kiafrika alale bila ugali, ataamkaje?

Swali lake halikustahili kudharauliwa. Bibi amelea watoto saba. Ameona miaka ambayo unga ulipangiwa foleni, na kwake sahani ya ugali ndiyo ushahidi kwamba nyumba imelisha watu wake. Mwanawe, baba wa watoto hao, anaendesha bodaboda kituo cha Rangi Tatu na hurudi saa nne usiku akiwa na njaa ya siku nzima. Yeye anataka ugali, na anataka uwe wa moto. Hakuna ubaya hapo. Ubaya unaanza pale saa ya njaa ya baba inapofanywa saa ya chakula cha mtoto.

Upande wa pili wako wazazi, wengi wao vijana, waliokwisha kuukimbia ugali wa usiku na kuangukia kwenye kibanda. Nilisimama jioni moja karibu na muuza chipsi wa Mbagala na kuhesabu watoto waliotumwa au kuongozana na wazazi. Walikuwa wengi. Zege, yaani chipsi zilizoshikanishwa na mayai, inaiva kwa dakika chache, mtoto anaipenda, na hakuna sufuria ya kuosha. Mama mmoja alinieleza kwamba akipiga hesabu ya gesi, vitunguu, nyanya na uchovu wake, haoni kama kupika ni nafuu.

Siwezi kumwita mvivu mtu aliyesimama kwenye daladala kwa saa mbili. Na yai lililomo kwenye zege ni chakula kizuri. Shida ni viazi vilivyozama kwenye mafuta yaliyochemshwa tangu jana, chumvi iliyomiminwa, na soda inayofuatana navyo, usiku baada ya usiku. Mtoto anazoea utamu huo, na mchicha unakuwa adui.

Kati ya pande hizo mbili kuna uji wa usiku, ambao kila mtu anauona salama. Nimekwisha kusema juu ya uji mwembamba. Niongeze chai tu: chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Katika nchi yenye watoto wengi wenye upungufu wa damu, kikombe cha chai pembeni ya sahani ya mtoto kinaturudisha nyuma. Kipande cha chungwa, embe au papai kinafanya kinyume chake, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.

> Ubaya unaanza pale saa ya njaa ya baba inapofanywa saa ya chakula cha mtoto.

Mseto wa Pangani

Suluhisho la nyumba ile lilitoka kwa bibi mwenyewe, na alilitoa kama mtu anayekumbuka jambo dogo.

Niliuliza kwao walikula nini jioni alipokuwa mdogo. Kwao ni Pangani. Akasema walikula ugali, muhogo, wali siku za wali. Kisha akatulia, akasema mama yake alikuwa akipika mseto, lakini huo, akaniwahi, ni chakula cha wagonjwa na watoto.

Mseto ni mchele na choroko katika sufuria moja. Unapikwa Tanga, Unguja, Mombasa, na ni ndugu wa khichdi ya Wahindi, ambayo nayo hupewa watoto na wanaopata nafuu. Pwani yetu na Bara Hindi wamekopeshana vyungu kwa karne nyingi.

Bibi alinieleza hivi. Kikombe kimoja cha choroko kinachambuliwa na kulowekwa asubuhi. Jioni zinachemshwa mpaka zianze kupasuka, kama dakika 20 kwa zile zilizolowekwa. Vikombe viwili vya mchele uliooshwa vinaingia hapo hapo, na maji ya kutosha kwa sababu mseto wa mtoto unatakiwa ulegee. Kitunguu kinakatwa kidogo kidogo. Karoti inakwaruzwa, hilo ni langu, yeye hakuwa na karoti Pangani. Mchele ukikaribia kuiva linamiminwa tui, moto unapunguzwa, chumvi kidogo, na unafunikwa. Kwa ajili ya mdogo unapondwa kwa mgongo wa upawa.

Hakuna kusonga. Hilo ndilo lililomfanya mkwewe anyanyue uso. Mkono unaouma hauwezi mwiko wa ugali, lakini unaweza kukoroga mseto.

Mchele na choroko vikikutana vinakamilishana, kwa maana protini ya mchele inapungukiwa na kitu ambacho choroko zinacho, na choroko nazo zinapungukiwa na kile kilichomo kwenye mchele. Pembeni unaweka yai la kuchemsha, au kijiko cha unga wa dagaa. Dagaa wanachaguliwa wale walioanikwa juu ya chanja, maana wa kuanikwa chini wana mchanga. Wanaoshwa kwa maji ya vuguvugu, wanakaushwa kwenye kikaango kikavu, wanatwangwa. Mtoto anakula samaki mzima, mifupa na yote, bila kuhofia mwiba.

Sufuria moja

Baada ya mseto, mengine yalikuja yenyewe. Majirani walichangia. Kila aliyepita mlangoni alikuwa na lake la kusema.

Mama wa Kichaga anayeishi nyumba ya pili alisema kwake ni mtori, ambao wengi tunaujua kama chakula cha mzazi aliyejifungua. Ndizi mshare zinamenywa na kuchemshwa na nyama hadi zilainike, zinapondwa, zinarudishwa motoni. Nyama ndiyo inayochelewesha, kwa hiyo siku za kazi yeye anaweka nyama ya kusaga. Asipokuwa nayo anapika mchemsho tu: ndizi, nyanya, kitunguu, hoho, na vipande vya sangara juu katika dakika kumi za mwisho. Sangara ana mifupa mikubwa inayoonekana, ndiyo maana anamchagua kwa watoto. Ndimu inakamuliwa sahani ikishatoka jikoni.

Viazi lishe vya kuchemsha na mayai yaliyovurugwa pamoja na mchicha ni mlo wa nusu saa, na mtoto anaweza kuushika kwa mkono. Boga nalo hupikwa kwa tui mpaka linameguka, lakini boga peke yake halitoshi, liwe na kunde au karanga zilizosagwa. Karanga nzima zisipewe mtoto wa umri huu. Zinakaba.

Chapati za maji ni mchango wangu mwenyewe na ninazipenda. Unga wa ngano, ule usiokobolewa ukipatikana, mayai mawili, maziwa, kitunguu, na mkono mzima wa mchicha au matembele yaliyokatwa kama nywele. Unakoroga uji mzito, unamwaga kwenye kikaango kilichopakwa mafuta, unageuza. Mwanangu aliyekuwa akitoa jani la mboga mdomoni kwa vidole viwili alikula tatu na kuuliza kama kesho zipo. Zinaliwa na maziwa mgando.

Na ugali? Ubaki. Ugali laini wa kiasi cha ngumi ya mtoto, kwa mlenda wa bamia au kwa mtindi, ni chakula cha heshima na kinashuka vizuri. Ninachoomba ni usongwe saa kumi na mbili.

Kazi ya asubuhi

Wanaoandika mapishi hupenda kusema: pika Jumapili, gawa kwenye vyombo, weka kwenye friji. Nyumba ya Charambe haina friji, na nyumba nyingi za kupanga hazina. Kwa joto la Dar es Salaam, chakula kilichoiva hakipaswi kukaa nje zaidi ya saa mbili. Maharage ya asubuhi yaliyopashwa jioni yanaweza kumuumiza mtoto.

Kwa asiye na friji, dawa ni kuandaa bila kupika. Choroko zinalowekwa kabla ya kutoka. Kitunguu na karoti vinabaki vizima ndani ya kapu lililofunikwa, vimekwisha kuoshwa. Mchele umechambuliwa na kufungwa kwenye kopo. Unga wa dagaa upo kwenye chupa, haudai friji ukiwa mkavu. Kinachobaki kwa mtu wa jioni ni kuwasha na kukoroga.

Mwenye friji ana nafasi zaidi. Maharage yanalowekwa Jumamosi usiku, maji ya kulowekea yanamwagwa, yanachemshwa kwa moto mkali mpaka yaive kabisa, kwa kuwa maharage mabichi au yaliyoiva nusu yana sumu inayotapisha. Yakipoa yanagawanywa mafungu ya mlo mmoja mmoja na kugandishwa. Jumatano jioni unatoa fungu moja, unaunga kwa nyanya, unaponda nusu yake liwe rojo, na watoto wanakula na viazi.

Gesi nayo ina sauti katika jambo hili. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa miaka kumi, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mtungi mdogo wa kilo sita umeingia uani mwa watu wengi, lakini kuujaza tena kunauma. Maharage makavu yasiyolowekwa yanaweza kumaliza saa mbili juu ya moto. Choroko zilizolowekwa pamoja na wali wake hazimalizi saa moja. Familia iliniambia kwamba hilo, kuliko maneno yote ya lishe, ndilo lililomvutia baba.

Baba na kijiko

Nilimsubiri baba siku hiyo ya kwanza hadi saa nne. Alikula ugali wake, akanisikiliza, akasema kitu ambacho mkewe hakukijua: kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni kituo chao hupoa, abiria wengi bado wako kwenye mabasi.

Ilikuwa saa nzima ambayo hakuna aliyewahi kuihesabu nyumbani. Kutoka Rangi Tatu hadi kwake ni dakika chache kwa pikipiki. Wakakubaliana apitie nyumbani, ainjike choroko, anawishe watoto, kisha bibi amalizie. Baba alikuwa na wasiwasi kwamba hajui kupika. Bibi akamwambia kwamba choroko hazijui kama anayeziinjika ni mwanamume.

Niseme wazi ninavyoona. Makala nyingi za mapishi ya haraka huandikwa kana kwamba msomaji ni mama peke yake na kwamba akiongeza ujanja atazishinda saa. Mama wa Kariakoo ana ujanja wa kutosha. Ilikuwa lazima mtu mwingine ashike upawa.

Asishindiliwe

Kumlisha mtoto kwa kumbana pua bado kunaonekana, na wanaofanya hivyo huwa wanampenda mtoto. Nimewahi kufanyiwa, nakumbuka ladha ya uji huo mpaka leo.

Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, tangu miaka ya 1980 amekuwa akifundisha mgawanyo rahisi wa kazi: mzazi anaamua chakula gani kiwekwe, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua ale kiasi gani, na kama atakula. Bibi zetu wangeuona mgawanyo huo kuwa ni kumdekeza mtoto. Lakini mtoto mwenye afya huijua njaa yake, na anayeshindiliwa hujifunza kuichukia sahani.

Chakula kipya hukataliwa. Mara nyingi mtoto anahitaji kukiona na kukionja mara nane, kumi au zaidi kabla hajakikubali. Wengi wetu tunakata tamaa mara ya tatu na kutangaza kwamba mtoto huyu hapendi boga. Liwekwe tena wiki ijayo, kipande kidogo, pembeni ya kitu anachokipenda, na wakubwa wale boga hilo mbele yake.

> Choroko hazijui kama anayeziinjika ni mwanamume.

Baada ya wiki tatu

Nilirudi Charambe siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Jua lilikuwa bado juu ya mabati. Kwenye mkeka kulikuwa na mabakuli mawili ya plastiki ya mseto wenye karoti, nusu yai kila moja, na papai lililokatwa. Mvulana alikula peke yake kwa kijiko, akamwaga kidogo, akaomba tena. Mdogo wake alikula nusu, akasukuma bakuli. Bibi alinyoosha mkono kumrudishia, akanitazama, akauacha mkono ushuke.

Kufika saa mbili kasoro robo wote wawili walikuwa wamelala, wameoga.

Mama aliingia saa mbili na robo. Alisimama mlangoni mwa chumba cha watoto muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliniambia kwamba wanalala vizuri, wanakula, na kwamba tangu mpango huu uanze, siku za kazi hajawaona wakila jioni hata mara moja. Alilisema hilo taratibu, akipakua ugali wa mumewe. Nikamwuliza kama anajuta. Akanijibu kwamba nije saa kumi na moja alfajiri kama naweza.

Nilikwenda. Kulikuwa na giza, na mwadhini alikuwa ndiyo kwanza anaadhini. Mvulana aliamka mwenyewe kabla ya kuitwa, akatoka nje akisugua macho, akasema ana njaa. Mama alikuwa ameweka viazi lishe jikoni. Alivimenya vikiwa vya moto, akipuliza vidole, na wakakaa kwenye kizingiti wote watatu, mdogo akiwa mapajani, wakala viazi na maziwa mpaka honi ya gari la shule ilipolia barabarani.